Distributa inayokata moto na kurudisha yenyewe: tuipime kabla ya kununua spea (injini za Toyota 4A-FE, 5A-FE, 7A-FE)

#1 MitaMkononi

Wakuu, uzi huu ni wa Corolla AE100 na AE110, Carina AT192, AT211 na AT212, Sprinter, na ndugu zao wote wanaotumia distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi). Lalamiko ni lile lile kila siku: gari linazima lenyewe barabarani, linasukumwa pembeni, baada ya muda linawaka kama halikuwa na shida. Likifika gereji linanguruma vizuri. Hapo ndipo mwenye gari anaanza kununulishwa plagi, kisha filta, kisha pampu ya mafuta, mwisho distributa nzima, na bado linazima.

Kosa linaloondoka na kurudi lina kitu kinacholileta, nacho ni joto, unyevu, mzigo au mtikisiko. Muulize mwenye gari maswali ya kutosha mpaka ujue ni kipi, halafu ulitengeneze tatizo makusudi gari likiwa limeegeshwa na mita imeshaunganishwa.

Linazima likishapata moto, linawaka likipoa baada ya dakika 15 hadi 30: anza na ignita (swichi ya kielektroniki inayowasha na kukata umeme wa koili), koili (inayozalisha umeme mkubwa wa cheche) na pikapu koili (zile koili ndogo zinazosoma meno ya shafti ndani ya distributa).

Linamisi (silinda inakosa kuwaka) asubuhi yenye umande, mvua ikinyesha au baada ya kuoshwa injini, likikauka linakuwa sawa: kifuniko cha distributa, waya za plagi, visima vya plagi.

Linanguruma vizuri likiwa limesimama lakini linakohoa kwenye mlima au ukikanyaga mafuta ghafla: upande wa umeme mkubwa. Mgandamizo ndani ya silinda ukipanda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka, hivyo hutafuta njia rahisi pembeni, kupitia ufa wa kifuniko, tundu la rota (kipande kinachozunguka chini ya kifuniko na kupeleka cheche kwa kila waya) au ngozi ya waya iliyochoka.

Linakata kwenye matuta na mashimo: soketi za waya, ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), swichi ya funguo, au waya wa pikapu uliokatika ndani huku ngozi yake ikiwa nzima.

#2 BiSpana

Naongezea jambo ambalo mwenye gari anaweza kulifanya mwenyewe bila kifaa chochote. Gari likizima likiwa bado linaserereka na gia imo, utazame mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ukianguka sifuri papo hapo wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme mdogo wa koili (praimari) umekatika: ignita, pikapu, umeme wa swichi au ethi. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, koili inaendelea kupigishwa, kwa hiyo tafuta kwenye mafuta au kwenye rota na kifuniko. Kwa gari la otomatiki kipimo hiki kina udhaifu, kwa sababu injini husimama upesi gari likizima.

AE100 nyingi hazina mshale wa RPM. Fungua boksi la DIAGNOSIS chini ya boneti, utakuta tundu la IG-. Unganisha hapo mita inayosoma RPM, waya wake uvutwe hadi ndani, mtu mwingine aendeshe. Msiweke taa ya LED kwenye tundu hilo, kwani koili ikikata umeme hurudisha volti zaidi ya 300 na LED inakufa palepale.

#3 Kibajaji_T

Wakuu, mimi nina njia fupi. Gari likizima, nachomoa soketi ya nozeli (kinyunyizio cha petroli) na kupima. Kama nozeli hazipigwi, ni mafuta, distributa naiacha. Kuna ubaya gani?

#4 MitaMkononi

Kibajaji_T, kwenye Toyota hizi njia hiyo inapoteza watu wengi. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) hutuma amri ya cheche kwa ignita kupitia waya wa IGT. Ignita ikishapigisha koili, inarudisha jibu kupitia waya wa IGF. Jibu lisipofika mara kadhaa mfululizo, kontroli boksi inakata nozeli makusudi, ili petroli mbichi isijae kwenye silinda na kuunguza kataliti. Kwa hiyo ignita iliyokufa kwa joto inakuonyesha nozeli zimezima, na fundi anakimbilia pampu.

Kuna hali nyingine ya kushangaza zaidi: cheche ipo kwenye plagi, nozeli hazifanyi kazi, pampu ni nzima. Hapo waya wa IGF wenyewe umekatika au soketi yake imelegea. Gari linawaka sekunde moja kisha linazima.

Pima vitu vitatu pamoja, tena muda ule ule tatizo lipo: cheche kwa kipima cheche chenye nafasi ya milimita 7 hadi 10, nozeli kwa LED yenye rezista ya 1 kΩ iliyochomekwa kwenye soketi ya nozeli, na pampu kwa kuunganisha +B na FP kwenye boksi la DIAGNOSIS huku swichi iko ON. Pampu ikilia na petroli ikirudi kwenye bomba la kurudishia, iache.

Kama huna kipima cheche, tumia plagi nzima iliyobanwa barabara kwenye chuma cha injini. Kuning'iniza waya hewani au kuchomoa waya wa plagi injini ikinguruma ndiko kunakoua ignita na koili, maana cheche isiyo na pa kwenda hupasua insulesheni ya ndani.

#5 Taiming_Kumi

Kabla ya kushika spana, soma kodi (namba za makosa zilizohifadhiwa na kontroli boksi). Waya mfupi kati ya matundu ya TE1 na E1 kwenye boksi la DIAGNOSIS, swichi ON, injini haijawaka, hesabu mimweko ya taa ya cheki injini. Ikimweka mfululizo kwa mwendo ule ule, mara mbili kila sekunde, hakuna kodi. Ikiwa na kodi, kati ya tarakimu ya kwanza na ya pili kuna kimya cha sekunde 1.5, na kati ya kodi moja na nyingine sekunde 2.5.

Zinazohusu uzi huu ni tatu. 12: injini inazungushwa na stata lakini kontroli boksi haioni alama za NE au G, yaani zile za pikapu mbili za distributa. 13: alama ya NE imepotea injini ikiwa inazunguka kwa kasi. 14: hakuna jibu la IGF. Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, 13 na 14 zina thamani kubwa kwa sababu hubaki kwenye kumbukumbu hata gari likishawaka tena. Ziandike, kisha futa kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika, endesha mpaka lizime, soma upya. Kodi ya zamani iliyoachwa na fundi aliyechomoa soketi swichi ikiwa ON imewahi kuuza distributa nyingi bila sababu.

Ukipata 12, kwanza fungua kifuniko na mwambie mtu apige stata. Rota isipozunguka, mkanda wa taiming umekatika.

#6 Mwanaidi_Magari

Mkuu MitaMkononi, naomba vipimo vya pikapu na koili, na namna ya kuvipasha joto bila kuunguza kitu. Wengine hapa wanatumia kiberiti.

#7 MitaMkononi

Kiberiti hapana, dada. Plastiki ya soketi na ngozi za waya zinaharibika kabla koili haijapata joto la maana. Tumia draya ya nywele.

Vipimo hivi ni vya 4A-FE na 7A-FE za 1993 hadi 1997 zenye koili ndani ya distributa. Distributa ya koili ya nje inaweza kutofautiana, kwa hiyo hakikisha kwa kitabu cha injini yako.

Pikapu ya G: 185 hadi 275 Ω ikiwa baridi, 240 hadi 325 Ω ikiwa moto. Pikapu ya NE: 370 hadi 550 Ω baridi, 475 hadi 650 Ω moto. Koili upande wa praimari (umeme mdogo): 1.11 hadi 1.75 Ω baridi, 1.41 hadi 2.05 Ω moto. Upande wa sekondari (umeme mkubwa): 9.0 hadi 15.7 kΩ baridi, 11.4 hadi 18.4 kΩ moto. Baridi ni chini ya nyuzi 50, moto ni kutoka 50 hadi 100.

Praimari ni omu moja na kitu, kwa hiyo gusanisha kwanza ncha za mita yako, soma inachoonyesha, kisha toa hiyo kwenye kipimo. Mita ya bei nafuu inaweza kuwa na nusu omu kwenye waya zake peke yake, na ukaitupa koili nzima.

Sasa kupasha. Chomoa soketi ya distributa, unganisha mita kwenye pini za NE, elekeza draya kwenye nyumba ya distributa, usiondoe macho kwenye mita. Ukinzani wa shaba hupanda kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo kupanda taratibu ni kawaida kabisa. Unachotafuta ni kuruka: ilikuwa 430, ghafla inasoma elfu kadhaa au inafunguka kabisa, ukiigusa inarudi. Huo ni waya uliokatika. Wakati bado ina joto, pinda waya mmoja mmoja karibu na mahali unapoingia kwenye nyumba, kwa maana hapo ndipo ngozi hukauka na kupasuka.

Rudia kwenye pini za G. Kisha pima kati ya kila pini na mwili wa distributa. Panapaswa kuwa wazi kabisa. Pikapu yenye ukinzani mzuri lakini inayogusa mwili ikipata joto ni ugonjwa usioonekana kwa kipimo cha kawaida.

Ignita haipimwi kwa omu. Inahukumiwa kwa kuondoa wengine: umeme wa betri upo kwenye koili, ethi ni nzima, IGT inafika, pikapu ni nzima, koili ni nzima, na cheche haipo. Ukiifungua, angalia mgongo wake. Ikiwa ile grisi nyeupe ya kupitisha joto imekauka kama chokaa au fundi aliyepita hakuirudisha, umepata sababu ya kufa kwake, na ignita mpya utakayofunga bila grisi hiyo itaifuata. Safisha, paka utando mwembamba tu.

#8 Pwani_Otto

Huku Mombasa na pwani yote hewa ya chumvi inakula kifuniko cha distributa kuliko joto, ndugu zangu. Fungua kifuniko utakuta vichwa vya alumini ndani vimeota unga mweupe. Watu wanasugua kwa msasa, kinang'aa, wanarudisha. Ukisugua umeongeza nafasi ambayo cheche lazima iruke kutoka kwa rota, na uso wenye mikwaruzo unaliwa haraka zaidi. Unga mwepesi unatolewa kwa kitambaa na kijiti. Ukishakuwa na mashimo, nunua kifuniko na rota pamoja, usichanganye kipya na cha zamani.

Angalia ufa kwa kuinamisha kifuniko kwenye mwanga wa jua. Kinachotafutwa zaidi ni mstari mweusi mwembamba, mithili ya mzizi, unaotoka kichwa kimoja kwenda kingine au kwenda ukingoni. Hiyo ni kaboni, na cheche ikishaitengeneza haiiachi. Kuosha kwa petroli hakusaidii. Chunguza pia kitufe cha kaboni katikati: kibonyeze, lazima kirudi kwa springi yake.

Rota igeuze chini. Tundu dogo lililoungua, hata la ukubwa wa ncha ya sindano, linapeleka cheche yote kwenye shafti. Kwa distributa yenye koili ndani hakuna waya mkuu wa kuchomoa na kupima katikati, kwa hiyo rota ya namna hii hufanya watu watupe koili ambayo haina kosa.

Kingine, kifuniko kina kitundu cha hewa. Cheche hutengeneza ozoni, na ikikosa pa kutokea inageuza ndani pote kuwa kutu. Msikizibe kwa silikoni mkidhani mnazuia maji.

#9 BiSpana

Jaribio la unyevu lifanyike usiku au gereji iliyofungwa milango. Injini ikinguruma, pulizia maji ya ukungu mwembamba (chupa ya kupulizia nywele inatosha) kwenye waya moja moja, kisha ukingo wa kifuniko. Cheche za bluu zitajionyesha zenyewe, au utasikia injini inajikwaa. Pulizia kidogo, na mikono ikae mbali.

Waya za plagi: kila mmoja usizidi 25 kΩ. Upime huku ukiupinda na kuuvuta kidogo, kwa sababu kaboni ya ndani inaweza kuwa imeachana na kugusana kwa bahati. Msifunge waya wa shaba tupu usio na ukinzani. Kelele yake ya umeme inaingia kwenye alama za pikapu, na kontroli boksi inasoma meno yasiyokuwepo.

Visima vya plagi vya injini hizi hujaa oili, sili za kifuniko cha valvu zikichoka. Oili inalainisha mpira wa waya, unavimba na kuvujisha cheche. Ukichomoa plagi na kukuta mstari mweusi wa wima kwenye kauri yake, badilisha plagi na waya wake kwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, mstari uliobaki kwenye kingine utachora mwingine. Nafasi ya plagi za kawaida ni milimita 0.8.

#10 Kibajaji_T

Nimeelewa hiyo ya nozeli, asante mkuu. Lakini kwa bei za sasa, kupima yote haya ni siku nzima ya fundi. Distributa ya mtumba ipo, unafunga, unaondoka. Kwa nini nisimshauri mteja hivyo?

#11 Taiming_Kumi

Kwa sababu ile ya mtumba imetoka kwenye gari la umri ule ule, na ignita yake imeunguzwa miaka ile ile. Tena distributa za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE hazifanani zote. Kuna za koili ndani na za koili nje, na soketi zinatofautiana idadi ya pini. Kukata soketi na kuunga waya kwa kukisia rangi ndiko kunakoua kontroli boksi.

Akilazimika kununua, aipime dukani kabla ya kutoa pesa. Ashike shafti aitikise pembeni: ikicheza, aiache. Afungue kifuniko: oili ndani, aiache. Apime pikapu na koili kwa vipimo vya MitaMkononi hapo juu. Dakika kumi zinatosha.

Mchezo wa shafti una maana kubwa. Nafasi kati ya meno na pikapu ni milimita 0.2 hadi 0.4, na inapimwa kwa fila geji ya shaba nyeupe, kwa kuwa ya chuma inavutwa na sumaku na kukudanganya. Beringi ikilegea, jino moja linapita karibu na jingine mbali, alama inapungua, na kwenye mzunguko mdogo wa stata inaweza kupotea kabisa. Ndiyo maana gari la namna hiyo huwaka vizuri betri ikiwa na nguvu na kugoma betri ikichoka kidogo.

#12 Mwanaidi_Magari

Na oili ndani ya kifuniko? Oili si haipitishi umeme?

#13 Taiming_Kumi

Haipitishi, lakini inakamata vumbi la kaboni linalotoka kwenye kitufe na kulishikiza ukutani, na njia ya cheche inaanzia hapo. Pia inalainisha ngozi za waya wa pikapu.

Tofautisha sili mbili. Oili inayochuruzika nje, chini ya distributa, ni oringi ya nje. Unafungua boliti za distributa, unavuta, unaweka mpya, unarudisha. Weka alama ya rangi kati ya nyumba na kichwa cha injini kabla hujalegeza. Oili ndani ya kifuniko ni sili ya shafti, na hiyo inataka distributa ivuliwe. Pini ya kiungio cha mwisho wa shafti inagongwa itoke. Kabla ya kuigonga, chora alama kwenye kiungio na shafti, maana kinaweza kurudi kinyume, na rota ikawa nyuzi 180 nje ya mahali pake. Utafunga kila kitu vizuri na gari litapiga mishindo kwenye intake bila kuwaka.

#14 Pwani_Otto

Jambo ambalo halijatajwa: alamu na vifaa vya kufuatilia gari. Nyingi zimefungwa kwa kukata waya wa swichi na kuweka relei chini ya dashibodi. Relei hiyo ikichoka, gari linazima kwenye matuta kama distributa mbovu, tena mshale wa RPM unaanguka ghafla vile vile. Pima volti kati ya chanya ya betri na chanya ya koili injini ikinguruma. Tofauti ikizidi nusu volti, ifuate waya hadi ndani. Kisha kati ya mwili wa distributa na hasi ya betri, stata ikipigwa: ikizidi 0.2, safisha ethi ya kichwa cha injini. Tikisa funguo na bonda dashibodi taratibu huku ukitazama mita.

#15 Kibajaji_T

Na Nissan? Sunny B14 na AD Van zinaleta dalili hizi hizi.

#16 MitaMkononi

GA15, injini ya Nissan hizo, haina pikapu ya sumaku. Ndani kuna sahani nyembamba yenye vitundu 360 ukingoni, na jicho la mwanga linalovihesabu. Vipimo vya omu hapo juu havihusiki. Adui wake ni ukungu wa oili na unga wa beringi juu ya sahani: jicho linaruka vitundu, injini inakohoa au inazima. Kodi yake ni 11 kwa sensa hiyo na 21 kwa alama ya koili. Sahani inafutwa kwa kitambaa laini kikavu bila kuipinda, lakini usipobadilisha sili na beringi itachafuka tena.

#17 Taiming_Kumi

Nirudi kwenye Toyota. Ukimaliza kufunga, taiming isiachwe kwa sikio. Injini ipate joto lake la kazi, unganisha TE1 na E1, washa taa ya taiming kwenye waya wa silinda ya kwanza: alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, itulie hapo. Bila kuunganisha TE1 na E1 kontroli boksi inaisogeza yenyewe, na utahangaika kuzungusha distributa bure. Kama imeunganishwa na alama bado inacheza, kuna mchezo wa beringi, pikapu haijakazwa, au mkanda umelegea. Mpangilio wa waya ni 1-3-4-2, na waya wa 3 na wa 4 visilazwe bega kwa bega, kwa sababu vinapiga kwa kufuatana na kimoja kinaweza kukiamsha kingine mapema. Virudishe kwenye vishikizo vyake.

Ondoa waya wa TE1 ukimaliza. Kisha pasha distributa tena kwa draya injini ikinguruma, pulizia ukungu wa maji, tikisa soketi. Isipokata, mpe mteja gari lake.